Nafsi ya Pili: Kuyasoma Maungamo ya Augustino Uzeeni

Katika sarufi tunafundisha kwamba nafsi ni tatu. Nafsi ya kwanza ni ya yule anayesema, nafsi ya pili ni ya yule anayesemeshwa, na nafsi ya tatu ni ya yule anayesemwa. Mimi, wewe, yeye. Somo hili nililifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na kila mwaka niliandika ubaoni mifano ileile: ninasoma, unasoma, anasoma. Wanachuo waliiandika madaftarini mwao, kisha wakaenda kuifundisha katika shule za msingi. Sikudhani hata siku moja kwamba somo dogo kama hilo lingerudi kunihukumu mimi mwenyewe uzeeni, tena katika jambo la sala.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi Wakristo wa siku hizi tunapenda sana kusema kwamba kila mtu awe na uhusiano wake binafsi na Mungu. Maneno hayo husikika mimbarani, katika mikutano ya injili na redioni, nami nikiwa mzee wa kanisa nimeyatumia mara nyingi. Lakini tukiulizana uhusiano huo ni kitu gani hasa, na mtu aujenge vipi, majibu huwa machache na mepesi: soma Neno, omba kila siku, usikose ibada. Hayo yote ni mema, sina neno dhidi yake. Ila nimeyafanya kwa zaidi ya miaka hamsini, na nathubutu kukiri hapa kwamba mtu aweza kusema juu ya Mungu miaka hamsini pasipo kusema na Mungu hata dakika hamsini.

Aliyenifumbua macho si mhubiri wa leo. Ni mwalimu mwenzangu, Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras na umo nchini Algeria. Huyo ni Augustino, na kitabu chake ni kile kiitwacho kwa Kilatini Confessiones, nasi tunakiita Maungamo. Alianza kukiandika yapata mwaka 397, akiwa askofu mpya wa mji wa Hippo, umri wake miaka arobaini na kitu. Kwa muda mrefu nililijua jina lake kama watu wanavyolijua jina la mlima ambao hawajaupanda. Nilipostaafu, mchungaji mmoja kijana aliniazima tafsiri ya Kiingereza, nikaisoma polepole, kurasa tatu au nne kila asubuhi kabla ya kwenda kuangalia migomba. Basi ninayoandika hapa si uhakiki wa mtaalamu wa theolojia. Ni maoni ya mwalimu mzee aliyezoea kusahihisha insha za wengine.

Tuanze na umbo la kitabu. Maungamo yamegawanywa katika vitabu kumi na vitatu, yaani sehemu ambazo leo tungeziita sura kubwa. Tisa za kwanza zasimulia maisha ya mwandishi tangu uchanga hadi kifo cha mama yake, Monika, mwaka 387. Ya kumi yaeleza hali ya moyo wake wakati anapoandika. Tatu za mwisho zahusu wakati ni nini, na uumbaji kama ulivyoelezwa katika Biblia. Wasomaji wengi huishia ya tisa, nami mara ya kwanza niliishia hapohapo.

Hata hivyo, ajabu ya kitabu hiki haimo katika mpangilio wake. Imo katika nafsi. Tangu mwanzo hadi mwisho Augustino hatusimulii sisi, anamsimulia Mungu. Anasema "wewe". Kisa chochote akieleze, kiwe cha wizi, cha darasani, cha safari au cha msiba, anayesemeshwa ni Mungu, na sisi wasomaji tu kama wageni walioketi barazani wakasikia mazungumzo ya ndani. Mwenyewe anajiuliza kwa nini amweleze Mungu mambo ambayo Mungu anayajua tayari. Jibu lake ni kwamba hasemi ili Mungu apate habari, bali ili upendo wake yeye, na wa wale watakaosoma, uamke.

Jibu hilo nililisoma mara tatu, maana linagusa udhaifu wetu. Mtu akisimulia maisha yake kwa watu, ana nafasi ya kuchagua. Atakuza hiki, atafunika kile, atajifanya mwema kuliko alivyokuwa, au hata mwovu kuliko alivyokuwa ili wokovu wake uonekane mkubwa. Lakini mbele ya yule ajuaye yote, biashara hiyo haina mnunuzi. Ndiyo maana nafsi ya pili ni ngumu. Ni rahisi kusema "Mungu ni mwenye rehema." Maneno hayo ni kweli na hayamgharimu mtu chochote, kama vile kusema kwamba Kilimanjaro ni mrefu. Kusema "Wewe ulinirehemu siku ile, katika jambo lile" kwadai siku na kwadai jambo.

Na Augustino hakosi siku wala mambo. Kwa sisi walimu, sehemu ya kwanza ina kisa kinachoumiza. Anasema kwamba alipokuwa mtoto alichapwa shuleni, na kwamba alianza kumwomba Mungu akiwa bado mdogo sana, akimsihi asichapwe. Watu wazima, pamoja na wazazi wake, waliyacheka mateso yake. Hiyo basi ndiyo sala ya kwanza ya mtu huyu ambaye Kanisa lote limemsoma kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita: sala ya mtoto anayeogopa fimbo. Haikuwa na maneno mazito wala haikuigwa kwa mchungaji. Ilikuwa na mtoto, na hofu, na "wewe". Mimi niliyeshika fimbo miaka mingi sikuwahi kufikiri kwamba huenda katika madarasa yangu zilisaliwa sala za kweli kuliko zile nilizoongoza mwenyewe.

Kisa cha pili ni cha Milano. Mwaka 384 Augustino aliteuliwa kuwa mwalimu wa ufasaha wa lugha katika mji huo, ambako Kaisari aliweka makao. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha Thagaste, kisha Carthage, ambako wanafunzi watukutu walivuruga masomo, kisha Roma, ambako wanafunzi walimhama mwalimu ili kukwepa kumlipa ada. Katika Milano kazi yake mojawapo ilikuwa kutunga hotuba za kumsifu mtawala. Anakiri kwamba siku moja alikuwa akienda huku moyo ukimwenda mbio kwa ajili ya hotuba kama hiyo, ambayo ndani yake angesema uongo mwingi, na wasikilizaji wakijua ni uongo wangempigia makofi. Njiani akamwona ombaomba mmoja mlevi, anacheka na kufanya mzaha. Akawaambia rafiki zake kwamba yule mtu kwa sarafu chache za kuomba amekwisha pata furaha ambayo wao wanaitafuta kwa taabu yote ile. Hapana mkuu wa shule au wa chuo asiyejua habari hiyo. Nani kati yetu hakuandaa risala ya kumsomea mgeni rasmi, akasifu barabara isiyopitika na maji yasiyotoka? Tofauti ni kwamba Augustino aliipeleka risala yake kwa Mungu na kuiita kwa jina lake: uongo.

Kisa cha tatu ni kidogo, lakini ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Katika kitabu cha kumi, akiwa sasa ni askofu anayeheshimiwa, anaeleza namna mawazo yake yanavyotangatanga. Anasema kwamba akiwa ameketi nyumbani, mjusi anayekamata nzi, au buibui anayewazungushia utando, humteka macho na akili. Msomaji, wewe na mimi tunamjua mjusi huyo. Yupo ukutani katika kila nyumba yetu, karibu na taa, na amekatiza sala nyingi. Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kumbe hata hili mtu aweza kumwambia Mungu! Si lazima angoje dhambi kubwa wala muujiza. Uhusiano na Mungu, kama uhusiano wa mume na mke wake jikoni, hukaa katika mambo madogo yanayosemwa siku kwa siku.

Napenda hapa nilinganishe Maungamo na jambo tunalolifahamu sisi wa kanda ya Ziwa. Nilikulia upande wa Bukoba, mahali palipofikiwa na ule uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Watu wa uamsho walitufundisha kwamba haitoshi kubatizwa na kuandikwa katika kitabu cha usharika. Yafaa kila mtu amkubali Yesu kuwa mwokozi wake. Wakawa na desturi ya kusimama mbele ya wenzao na kutoa ushuhuda. Sitaki kuwabeza hata kidogo. Niliona watu wakirudisha mali waliyoiba, na mahasimu wakipeana mikono. Deni letu kwao ni kubwa.

Lakini kadiri miaka ilivyopita, ushuhuda ulipata mtindo wake, nao mtindo ukawa kama sare ya shule. Mtu alisimama, akataja jina lake, akataja siku aliyookoka, akataja ulevi na uzinzi wa zamani, akamalizia kwa kusema kwamba sasa anaendelea vema. Wasikilizaji walijua kinachofuata kabla hakijasemwa. Hapo ndipo ninapoona ubora wa Augustino. Kwanza, yeye anamsemesha Mungu na sisi tunasikia pembeni, ilhali ushuhuda wetu aghalabu huwasemesha watu na Mungu ndiye anayewekwa pembeni. Pili, haungami ya kale tu. Katika kitabu cha kumi anaungama ya sasa: namna chakula kinavyomvuta, ndoto zinavyomsumbua, na zaidi ya yote namna anavyopenda kusifiwa, hata asijue tena kama anatenda mema kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya sifa. Ni askofu mangapi leo wangeandika hivyo wakiwa bado madarakani? Na ni wazee wangapi wa kanisa?

Kuna kosa moja ambalo msomaji wa haraka aweza kulifanya, nami nililifanya. Aweza kudhani kwamba kwa kuwa Augustino anasema "mimi" na "wewe" tu, basi kitabu chake kinafundisha dini ya upweke: mtu na Mungu wake, wengine wakae nje. Ukisoma kwa makini utaona kinyume. Siku ile ya mwaka 386 alipogeuzwa moyo katika bustani huko Milano, rafiki yake Alypius alikuwa naye. Alijitenga kidogo chini ya mtini ili alie, akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti kama ya mtoto ikirudiarudia kumhimiza achukue na kusoma. Lakini alirudi pale alipoketi Alypius, maana ndipo alipoacha kile kitabu cha nyaraka za Paulo. Aliposoma, Alypius naye aliomba aone, akaendelea kusoma mbele na kupata neno lake mwenyewe. Ni ukurasa mmoja wa Waraka kwa Warumi, watu wawili, na kila mtu neno lake.

Hali ni hiyo hiyo katika kile ninachokiona kuwa kilele cha kitabu chote. Mwaka 387, katika bandari ya Ostia, Augustino na mama yake walisimama dirishani wakitazama bustani ya nyumba waliyofikia. Walizungumza juu ya uzima wa milele, wakapanda kwa mazungumzo hayo juu ya vitu vyote vilivyoumbwa, hata wakagusa kidogo, kwa muda wa kuvuta pumzi tu, hekima yenyewe ya Mungu. Baada ya siku chache Monika aliugua na kufa. Basi mahali ambapo mtu huyu alimkaribia Mungu kuliko pengine pote, hakuwa peke yake chumbani. Alikuwa na mama yake, mwanamke ambaye hakuwa msomi kama yeye. Neno letu "binafsi" limebeba nafsi ndani yake, lakini halina maana ya faragha. Kila mtu huenda kwa Mungu kwa miguu yake mwenyewe, ila njiani kuna wenzake.

Nimesifu vya kutosha. Mhakiki asiyeona doa hakusoma, na doa la Maungamo ni kubwa.

Katika kitabu cha pili Augustino anasimulia namna alivyoiba mapeari akiwa na miaka kumi na sita. Yeye na vijana wenzake walikwenda usiku, wakautikisa mti wa jirani, wakabeba matunda mengi, nao hawakuyala isipokuwa machache. Mengine waliwatupia nguruwe. Kisa hicho kidogo kinachukua karibu nusu ya kitabu hicho cha pili. Anakigeuza huku na huku: kwa nini niliiba kitu nisichokihitaji? Nilipenda nini ndani yake? Ningefanya hivyo kama ningekuwa peke yangu? Ni uchunguzi wa dhamiri wa hali ya juu sana.

Sasa fungua kitabu cha sita. Augustino aliishi na mwanamke mmoja kwa zaidi ya miaka kumi, pasipo ndoa ya kisheria, na anasema mwenyewe kwamba alikuwa mwaminifu kwake. Walipata mtoto wa kiume, Adeodatus. Huko Milano ilionekana kwamba mtu wa cheo chake yampasa aoe katika familia yenye jina, na mchumba akapatikana, msichana ambaye alibakiza karibu miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Yule mwanamke akaonekana ni kizuizi, akaondolewa. Alirudi Afrika akiweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine, na mtoto akabaki kwa baba. Augustino anasema moyo wake ulijeruhiwa na kutoka damu. Kisha, kwa kuwa hakuweza kungoja miaka miwili, akachukua mwanamke mwingine. Habari yote hiyo ni aya moja fupi.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba hakutaja jina la mwanamke yule ili amlinde. Yawezekana. Hata rafiki yake wa ujanani, aliyekufa na kumwacha katika simanzi kubwa, hakumtaja jina. Na mama yake mwenyewe amemtaja kwa jina mara moja tu, mwishoni mwa kitabu cha tisa. Kwa hiyo silalamikii jina. Ninalolalamikia ni maswali. Kwa mapeari aliuliza kwa nini mara nyingi. Kwa mwanamke huyu hakuuliza hata mara moja. Anaungama tamaa yake, anaeleza jeraha lake yeye, lakini jeraha la yule aliyepandishwa meli na kumwacha mwanawe halimo. Mapeari yalikuwa ya jirani na jirani yamkini aliyasahau mwaka uleule. Mama wa Adeodatus hakusahau.

La kushangaza ni kwamba Augustino aliujua ukweli wote. Miaka michache baadaye aliandika kitabu kifupi juu ya wema wa ndoa. Humo anasema kwamba mwanamume akikaa na mwanamke kwa muda, hadi apate mwingine anayelingana na cheo au mali yake, mwanamume huyo ni mzinzi moyoni, na kosa lake ni dhidi ya yule anayeishi naye. Na mwanamke, ikiwa alikuwa mwaminifu naye baada ya kuachwa hatafuti mume, si rahisi kumwita mzinzi. Soma maneno hayo, kisha rudi kwenye ile aya ya kitabu cha sita. Ni kisa chake! Lakini hapa hasemi "mimi" wala "wewe". Anasema "mwanamume fulani". Amehama kutoka nafsi ya pili kwenda nafsi ya tatu, na huko ndiko alikoweza kutoa hukumu ya haki. Mtu aliyemfundisha ulimwengu kusema na Mungu uso kwa uso alilisema jambo zito kuliko yote ya ujana wake kwa kuligeuzia mgongo.

Hapo nilifunga kitabu, na sikukifungua tena kwa majuma kadhaa. Msomaji anayetaka uhakiki mtupu aweza kuruka aya chache zinazofuata.

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo, niliweka sahihi barua ya kumfukuza mwanachuo mmoja wa mwaka wa kwanza kwa sababu ya ujauzito. Taratibu za wakati ule zilikuwa hivyo, na wakuu wengi walifanya hivyo. Baba wa mtoto alikuwa mwanachuo mwenzake, sote tulimjua, alimaliza masomo, nami ndiye niliyeweka sahihi karatasi zake. Barua niliyoandika bado naikumbuka, maana ilikuwa kama nyingine zote. Ilianza kwa kumjulisha mzazi kwamba mtajwa hapo juu amepatikana na kosa kinyume na taratibu za chuo. Mtajwa hapo juu! Msichana alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, na mimi nilikuwa nikiandika habari zake katika nafsi ya tatu kwa mtu aliye maili mia mbili.

Tangu mwaka huo nimesali mara nyingi sana. Nimeomba msamaha wa dhambi zangu za kujua na za kutojua, kwa maneno hayohayo, kila Jumapili. Nimemwambia Mungu juu ya hasira yangu, juu ya pombe niliyokunywa ujanani, juu ya kumjibu baba yangu vibaya. Hayo ndiyo mapeari yangu. Jambo la barua sikulisema, si kwa sababu nililificha, bali kwa sababu halikuwa na nafsi, lilikuwa utaratibu. Mwaka 2021, serikali yetu iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, nilishangilia nikiwa nimeketi sebuleni na redio yangu, na hata hapo sikumkumbuka. Nilimkumbuka Augustino aliponikwaza.

Asubuhi moja nilimwambia Mungu jina lake. Halafu nikaona kwamba haitoshi, maana "wewe" mwingine alikuwa bado hajasemeshwa. Nilimtafuta kupitia wenzake aliosoma nao, nikamwandikia barua. Niliirudia mara nne, kwa sababu kila mara mkono wangu uliandika "utaratibu ulinitaka". Baada ya miezi miwili alinitumia ujumbe mfupi wa simu. Aliandika: "Shikamoo Mkuu. Barua nimeipata. Naomba kuuliza, ile BTP nilipata alama gani?"

Alikuwa amefanya mazoezi ya kufundisha kabla tu ya kuondoka, na matokeo yalibandikwa akiwa amekwisha kwenda. Mimi ndiye niliyeketi nyuma ya darasa nikimtazama. Nilikwenda chuoni kuulizia mafaili, lakini ya miaka hiyo yaliliwa na mchwa. Nilimjibu ukweli: kwamba nakumbuka alifundisha sehemu kwa kukata machungwa, kwamba watoto walimwelewa, na kwamba alama siikumbuki. Hajaandika tena, wala simdai jibu. Jina lake sikulitaja hapa, nami najua kwamba katika hilo nafanya kama Augustino alivyofanya.

Je, kasoro hii inakishusha kitabu? Kwa maoni yangu, haikishushi; inatuonyesha mahali pa kukishika. Maungamo yatufundisha kwamba uhusiano wa mtu na Mungu hujengwa kwa kumsemesha, si kwa kumsema, na kwamba kinachosemwa kiwe na siku, mahali na jambo. Na pale Augustino mwenyewe anaposhindwa, yatufundisha kipimo: angalia ni nani katika maisha yako amebaki "yeye". Aliye karibu na Mungu kwa mapeari tu, bado hajakaribia sana.

Kwa anayetaka kukisoma, natoa ushauri wa mwalimu. Usikisome kwa haraka wala usianze na utangulizi wa wataalamu. Anza na utoto wake, kurasa chache kila siku, na kila anapomwambia Mungu jambo lake, funga kitabu uone kama na wewe unalo la namna hiyo. Ukichoka katika kitabu cha tisa, pumzika, lakini usiache cha kumi, maana humo ndimo alimo yule mjusi. Vitabu vitatu vya mwisho ni vigumu. Mimi nimevisoma mara moja na sijavielewa vyote, nami bado navirudia.

Sala yangu ya asubuhi siku hizi ni fupi kuliko zamani. Mke wangu, ambaye alizoea kuningoja chai ikipoa, ameuliza kama naumwa.